Dawa ya Maiti Ndani ya Kabati la Nguo

Mwaka 1893 daktari kijana wa Frankfurt, Ferdinand Blum, alikuwa akichunguza maji yenye harufu ya kuchoma pua, aone kama yanafaa kuulia vijidudu. Vidole vyake vilikuwa vikiingia na kutoka katika maji hayo. Baadaye akaona ngozi ya ncha za vidole imekakamaa, ngumu kama ya kiumbe kilicholowekwa kwenye spiriti. Mwingine angenawa akaendelea na kazi. Blum alijiuliza: ikiwa maji haya yanakausha ngozi ya mtu aliye hai, je, nyama iliyokufa itakuwaje? Akaloweka vipande vya viungo. Vikagangamaa, wala havikuoza. Fomalini ikawa imepata kazi yake, na kutoka Frankfurt ikaenea hadi maabara na vyumba vya maiti vya dunia nzima.

Kwetu neno hilo halihitaji kufasiriwa. Aliyewahi kusimama nje ya mochwari akisubiri kukabidhiwa mwili wa ndugu yake anaijua harufu ile inayotangulia kabla mlango haujafunguka, inavyopanda puani na kumtoa machozi hata asiyelia. Harufu hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, nimekutana nayo mahali pengine: ndani ya kabati jipya la nguo, siku ya kwanza ya kulifungua. Wengi huiita harufu ya upya, na wapo wanaoipenda. Ndani yake mna gesi ileile iliyoyeyushwa kwenye fomalini, fomaldehaidi, ikitoka taratibu katika mbao zilizogandishwa kwa gundi.

Fomaldehaidi ina ukoo mkubwa. Ni kemikali tete, yaani zile zinazogeuka mvuke zenyewe katika joto la kawaida la chumba, bila kuchemshwa na mtu. Humo mna benzini ya kwenye petroli na moshi wa sigara, toluini ya kwenye tina ya kuchanganyia rangi, na mvuke wa vidonge vya kufukuzia nondo. Lakini ni fomaldehaidi iliyowaliza watu machozi kwanza, ikawalazimisha wataalamu kuingia majumbani na vipimo vyao. Kwa hiyo nitaifuata yenyewe, na ndugu zake tutakutana nao njiani.

Munich, 1858: wanahesabiwa watu, hakihesabiwi kiti

Karne ya 19 wenye elimu wa Ulaya waliamini kwamba maradhi hubebwa na hewa chafu itokayo kwenye madimbwi na jalala. Max von Pettenkofer, profesa wa Munich, alifanya jambo ambalo wachache walikuwa wamelifanya: akaingia ndani ya vyumba na kupima. Alichopima ni kaboni dayoksaidi, hewa tunayoitoa kwa kupumua. Mwaka 1858 akatangaza kwamba chumba kikifikisha sehemu moja ya hewa hiyo katika sehemu 1,000, basi hewa yake imeshachakaa. Kipimo hicho kinatumika hadi leo.

Pettenkofer alifundisha jambo jingine ambalo laiti lingeshikwa, historia hii ingekuwa fupi. Ukiwa na rundo la samadi chumbani, alisema, usihangaike kufukuza harufu kwa kufungua dirisha, toa samadi kwanza. Dirisha ni la kuondoa kile kisichoweza kutolewa, yaani pumzi na jasho la watu wenyewe.

Waliomfuata walishika nusu ya pili wakaiacha ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka 100 wahandisi walipanga kiasi cha hewa safi kwa kuhesabu vichwa: watu wangapi watakaa humu, kila mmoja apewe hewa kiasi gani. Mwaka 1936 Constantin Yaglou wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaweka watu chumbani na kuwaita wengine waje kunusa, akapata hesabu ya hewa inayotosha kuondoa harufu ya miili. Ilikuwa kazi makini. Ila katika hesabu zote hizo meza, sakafu na dari vilichukuliwa kuwa havipumui. Kwa nyumba ya mawe, chokaa na mbao ngumu dhana hiyo haikuwa na hasara kubwa. Nyumba ilipobadilika, dhana haikubadilika nayo.

Gesi yenyewe wakati huo ilikuwa bado iko kwenye chupa. Mrusi Aleksandr Butlerov aliielezea mwaka 1859, na August Wilhelm von Hofmann wa Berlin akaitambua barabara mwaka 1867, alipopitisha mvuke wa methanoli pamoja na hewa juu ya platinamu iliyopashwa moto. Kwa miaka mingi haikuwa na soko.

1907 hadi 1946: ndoa isiyodumu

Soko lilikuja na gundi. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Yonkers karibu na New York, mwaka 1907 alichanganya fomaldehaidi na fenoli, akapata plastiki ngumu iliyobeba jina lake, Bakelite. Gundi ya ukoo huo ni nyeusinyeusi, haiogopi maji, na inashika kama imeota. Ila ni ghali.

Wakemia wakatafuta mwenza wa bei nafuu wakamkuta urea, ileile ya kwenye mbolea. Patenti za kwanza zilikuja baada ya Vita vya Kwanza, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani, IG Farben, ilikuwa inauza gundi ya urea kwa viwanda vya mbao. Kwa mwenye kiwanda ilikuwa neema: nyeupe, haiachi doa, inakauka haraka ikipashwa moto, na malighafi yake ni rahisi.

Kasoro yake haionekani kwa macho. Ndoa ya urea na fomaldehaidi si ya kudumu. Ukiingia unyevu na joto, vifungo vinalegea na gesi inarudi kuwa gesi. Tena viwanda vilikuwa vikitia fomaldehaidi zaidi ya inayohitajika ili gundi ikauke upesi, na ile ya ziada haikuwa na wa kushikamana naye, ikakaa ndani ya ubao ikisubiri njia ya kutokea. Ubao wa namna hiyo huanza kwa kutoa mvuke mwingi kwa miezi kadhaa, kisha kidogokidogo kwa miaka.

Gundi hiyo ilipata kazi kubwa kwa sababu ya uhaba. Mjerumani Max Himmelheber aliumizwa na namna mti ulivyokuwa ukipotea: sehemu kubwa ya gogo iliishia kuwa matawi, magome, maranda na vumbi, na sehemu ndogo tu ikawa ubao. Akafikiri: kwa nini tusivunjevunje yote, tuyapake gundi, tuyagandamize kwenye joto? Mwaka 1941, katikati ya vita, kiwanda cha kwanza cha kuuza bidhaa hiyo kilianza kazi Bremen. Mwaka 1946 Mswisi Fred Fahrni akaja na ubao wa tabaka tatu. Ulaya wakati huo ilikuwa vifusi. Mamilioni walihitaji vitanda, milango na makabati, na magogo hayakutosha. Ubao huo wa maranda, chipubodi, ukawafaa.

Nasema hivi kwa sababu ni rahisi kumhukumu mtu aliyeishi miaka 80 nyuma. Himmelheber aliokoa miti, na familia zilizokuwa zikilala chini zikapata samani. Hakuna aliyeuliza ubao ule ungetoa nini baada ya kufika nyumbani, maana swali hilo halikuwamo katika elimu ya hewa ya wakati huo.

Denmark, 1975: macho kabla ya mashine

Walioanza kuuliza ni wenye nyumba. Miaka ya 1960 watu wa Skandinavia na Ujerumani Magharibi walilalamika kwamba wakihamia nyumba mpya macho yanawasha, koo linakauka, kichwa kinauma, na wakitoka nje mambo yanatulia. Wapo walioambiwa wana hofu tu.

Mjini Aarhus, Denmark, watafiti Ib Andersen, Gunnar Lundqvist na Lars Mølhave waliyachukua malalamiko hayo kwa uzito. Waliingia katika nyumba 23 zilizojengwa kwa chipubodi kwenye kuta, sakafu au dari, wakapima hewa yake. Matokeo yao ya mwaka 1975 yalionyesha wastani wa miligramu 0.62 za fomaldehaidi katika kila mita ya ujazo, na nyumba iliyozidi zote ilipita miligramu 2. Kwa kulinganisha, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuja kukiweka baadaye, ambacho hewa ya ndani isikipite hata kwa nusu saa, ni miligramu 0.1. Wale watu walikuwa wakilala, wakila na kulea watoto katika hewa iliyozidi kiwango hicho mara sita.

Walionyesha pia kwamba mambo manne yanaamua: ubao ni mwingi kiasi gani, joto, unyevu, na hewa inabadilishwa mara ngapi. Ubao hautoi mvuke kwa kipimo kimoja siku zote. Joto likipanda nyuzi 6 au 7 tu, mvuke unakaribia kuongezeka maradufu.

Mwaka 1977 Ujerumani Magharibi ikapendekeza kikomo cha sehemu 0.1 kwa milioni, na kufikia mwaka 1980 mbao zake zilikuwa zimegawanywa madaraja: E1 inayotoa gesi kidogo, kisha E2 na E3. Herufi hizo tutazikuta tena mwishoni.

Oktoba 1973: dirisha linafungwa

Hapa ndipo historia inapogeuka, na aliyeigeuza si mkemia. Vita vya Oktoba 1973 kati ya Waarabu na Israeli vilifuatwa na nchi za Kiarabu kuwanyima mafuta Marekani na baadhi ya washirika wake. Pipa lililokuwa likiuzwa kama dola 3 likafika karibu dola 12 mapema mwaka uliofuata. Tanzania na Kenya zilijikunja kwa bei hiyo kama nchi nyingine. Katika nchi za baridi mafuta ndiyo yaliyokuwa yakipasha nyumba moto, na kila ufa wa dirisha ukahesabiwa kuwa pesa inayovuja.

Ufa ukazibwa. Madirisha ya maofisi mapya yakatengenezwa yasifunguke kabisa. Chama cha wahandisi wa hewa cha Marekani, ASHRAE, katika kanuni yake ya mwaka 1981 kiliruhusu futi za ujazo 5 tu za hewa safi kwa dakika kwa kila mtu mahali pasipovutwa sigara. Mwaka 1989 kikapandisha hadi 15, mara tatu, kwa sababu ya yale yaliyotokea katikati.

Yaliyotokea ni kwamba samani za gundi, mazulia ya nailoni, rangi na dawa za kusafishia zilikuwa zimejaa ndani kwa miaka 20 bila kelele nyingi, kwa kuwa nyumba zilivuja. Nyumba ilipoacha kuvuja, mvuke ukakosa pa kwenda. Gundi ilikuwa ileile. Kilichoifanya iwe ugonjwa ni dirisha.

Kuna waliofanya zaidi ya kuziba nyufa. Kampuni zilikuwa zikitoboa kuta za nyumba na kupuliza ndani yake povu lililotengenezwa kwa urea na fomaldehaidi, likavimba na kukauka kama sponji la kuzuia baridi. Kanada serikali yenyewe ilitoa ruzuku kuanzia mwaka 1977, na nyumba zipatazo 100,000 zikajazwa. Kisha ikaja habari ya panya. Taasisi ya utafiti wa sumu iliyogharimiwa na viwanda vya kemikali, huko North Carolina, iliwavutisha panya takriban sehemu 15 kwa milioni za fomaldehaidi kwa muda wa miaka miwili, na sehemu kubwa yao wakaota saratani puani. Desemba 1980 Kanada ikapiga marufuku povu lile. Marekani ikafuata mwaka 1982, lakini mwaka uliofuata mahakama ikaifuta marufuku hiyo kwa kusema ushahidi hautoshi.

Wenye nyumba wa Quebec, jimbo la Kanada, walikwenda mahakamani, na kesi yao ikachukua miaka mingi. Mwaka 1991 walishindwa, kwani vipimo havikuonyesha kwamba nyumba zenye povu zilikuwa tofauti sana na zisizo nalo. Hukumu hiyo inasomwa kama ushindi wa viwanda. Mimi naiona ikisema jambo zito zaidi: mkosaji alikuwa ametapakaa nyumba nzima, katika sakafu, makabati na milango, mpaka ukuta peke yake usingeweza kubebeshwa lawama.

1979 hadi 1985: pampu za Bayonne

Bayonne na Elizabeth ni miji ya New Jersey iliyoko jirani na jiji la New York. Miaka ile ilisifika kwa mitambo ya kusafisha mafuta na viwanda vya kemikali. Mtu wa huko akikohoa, kila mmoja alijua pa kunyoshea kidole: bomba la moshi.

Lance Wallace, mtafiti wa shirika la Marekani la hifadhi ya mazingira, EPA, alipendekeza njia ambayo ukiitazama leo unashangaa kwamba hakuna aliyeianza mapema. Badala ya kuweka mashine juu ya paa la ofisi ya serikali, mpe mtu abebe mashine. Mwaka 1981 watu zaidi ya 300 wa miji hiyo miwili walitembea na pampu ndogo mwilini, ikivuta hewa waliyokuwa wakivuta wao, kupitia kijibomba kinachonasa mvuke. Saa 12 za mchana kijibomba kimoja, saa 12 za usiku kingine. Walipika nayo, walikwenda nayo kazini, walilala nayo kando ya kitanda. Kipimo kingine kikawekwa nje ya nyumba zao. Mwisho walipuliza pumzi kwenye mfuko ili ipimwe nayo.

Matokeo yalikwenda kinyume na matarajio. Kemikali kadhaa zilizotafutwa zilikuwa ndani ya nyumba mara 2 hadi 5 kuliko nje. Utafiti ukapelekwa Devils Lake, mji mdogo wa wakulima North Dakota usio na kiwanda cha kemikali. Hali ikawa hiyohiyo. Mtu wa kijijini na mtu wa chini ya bomba la moshi walivuta karibu hewa moja, kwa sababu walinunua vitu vilevile.

Uzuri wa kazi ya Wallace ni kwamba ilifuata kila mvuke hadi mlangoni pake. Benzini kwa wengi ilitoka kwenye sigara, na wavutaji walikuwa nayo kwenye pumzi mara kadhaa kuliko wenzao. Paradiklorobenzini ilitoka kwenye vile vidonge vinavyotundikwa chooni na vile vya kufukuza nondo. Tetrakloroethilini ilikuja na suti iliyotoka kwa dobi wa kemikali, ikatundikwa chumba cha kulala na kuendelea kutoa mvuke. Klorofomu ilipanda na mvuke wa maji ya moto bafuni, kutokana na klorini ya kuulia vijidudu. Rangi, gundi, petroli ya gari lililoegeshwa gereji iliyoshikamana na nyumba, kila kimoja kikapata anwani.

Sheria haikuwa na mkono wa kuyafikia hayo. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 inahusu hewa ya nje. Serikali ilikuwa na uwezo wa kumfungia mwenye bomba la moshi, ila kwa mwenye kidonge cha chooni haikuwa na la kumwambia.

Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maelezo ya hali iliyokuja kuitwa ugonjwa wa majengo: watu wengi ndani ya jengo moja wanawashwa macho, wanaumwa vichwa, wanachoka, na wakitoka wanapona. Ugonjwa huo haukuchagua. Mwaka 1987 na 1988 makao makuu ya EPA yenyewe, Waterside Mall mjini Washington, yaliwekewa zulia jipya, na wafanyakazi kwa makumi wakaugua. Wapo ambao hawakuweza kurudi tena katika vyumba vile. Wataalamu wa hewa wa taifa zima waliandamana mbele ya ofisi yao na mabango mkononi, na hatimaye zulia likang'olewa.

2005 hadi 2010: kulala ndani ya kabati

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Louisiana na Mississippi. Shirika la serikali la kushughulikia majanga, FEMA, likaagiza trela za kuishi, na familia zaidi ya 100,000 zikaishia humo. Zilitengenezwa kwa haraka kubwa. Ndani kila kitu kilikuwa cha mbao za gundi: kuta za plaiwudi nyembamba, vitanda vya chipubodi, makabati, meza, sakafu.

Trela ina eneo dogo la hewa na eneo kubwa la ubao. Ni kabati ambalo watu wanalala ndani yake. Ongeza kiangazi cha Ghuba ya Mexico, ambacho kwa joto na unyevu kinafanana na Machi ya Dar es Salaam, na mlango uliofungwa ili kiyoyozi kifanye kazi. Mambo manne ya Aarhus yote yalikutana, miaka 30 baada ya kuandikwa.

Mapema mwaka 2006 malalamiko yalianza: watoto wanatokwa damu puani, watu wanakohoa usiku. Vipimo vilivyochukuliwa na watetezi wa mazingira vilionyesha trela nyingi zimevuka sehemu 0.1 kwa milioni. Julai 2007 kamati ya Bunge la Marekani ilitoa hadharani nyaraka zilizoonyesha kwamba wanasheria wa FEMA walishauri trela zenye watu zisipimwe, kwa kuwa shirika likishajua litalazimika kuchukua hatua. Nimeusoma ushauri huo zaidi ya mara moja. Kila aliyeuandika alikuwa akirudi jioni katika nyumba yake, huku mama wa Mississippi akifungua mlango wa trela usiku wa manane ili mtoto apate pumzi.

Hatimaye trela 519 zilipimwa, Desemba 2007 na Januari 2008. Wastani ulikuwa sehemu 0.077 kwa milioni, na iliyozidi zote 0.59. Hayo yalikuwa majira ya baridi, na trela zenyewe zilikuwa zimeshapoteza mvuke kwa karibu miaka miwili. Kiangazi cha kwanza, familia zilipoingia zikishukuru kupata paa, hakikupimwa kwa namna hiyo.

Trela hazikuteketezwa. Mwaka 2010 serikali ilizipiga mnada kwa maelfu, zikiwa na kibandiko kisemacho zisitumike kwa makazi. Mwaka huohuo mafuta yalipomwagika Ghuba ya Mexico, vibarua wa kusafisha fukwe walikutwa wakilala ndani ya baadhi yake. Walikuwa wamepangiwa na watu walioona kibandiko ni karatasi tu.

Tarehe 7 Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria ya viwango vya fomaldehaidi katika mbao za gundi: sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi, 0.09 kwa chipubodi, 0.11 kwa MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa. Ilifuata njia iliyokwisha kupitiwa na California, na haikuanza kubana barabara hadi mwaka 2018. Wajapani walikuwa wametangulia. Tangu Julai 2003 sheria yao ya ujenzi inataka ubao upewe nyota hadi nne kulingana na uchache wa mvuke wake, na nyumba mpya iwe na feni ya kubadilisha hewa saa 24. Kati ya tarehe hizo, mwaka 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakika vinasababisha saratani kwa binadamu.

Keko, siku hizi

Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hewa ya ndani bado inaharibiwa kwanza na moshi wa kuni na mkaa, ambao nao una benzini na fomaldehaidi, pamoja na masizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Udi na ubani tunavyochoma kwa heshima ya wageni navyo hutoa mvuke wa ukoo huo. Siweki kabati mbele ya jiko. Lakini chipubodi na MDF zimeingia katika nyumba zetu kwa kasi, zikiwa makabati ya jikoni, vitanda na milango, na zimeingia wakati mmoja na madirisha ya alumini na viyoyozi. Nyumba ya zamani ya pwani, yenye dari ya juu, boriti za mikoko na matundu ya hewa juu ya mlango, isingehangaishwa na kabati moja. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kiyoyozi, kitanda kipya na kabati la ukutani ni habari nyingine.

Kuna jambo la kipimo ambalo sioni likizungumzwa. Kule Ulaya ubao hupewa daraja la E1 baada ya kuwekwa kwenye kisanduku chenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 45. Dar es Salaam wakati wa joto hupita nyuzi 30, na unyevu hupita asilimia 70. Ubao ule uliofaulu mtihani Ulaya ukifika hapa unaanza mtihani mwingine, mgumu zaidi. Ulaya wenyewe wamekaza: kuanzia Agosti 2026 kikomo chao kwa samani kinashuka hadi miligramu 0.062 kwa mita ya ujazo, takriban nusu ya kile cha E1.

Keko, jijini Dar es Salaam, kwenye karakana za samani, nilimkuta fundi akipima MDF kwa ajili ya kabati la milango mitatu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, fundi. Vumbi hilo?"

"Marahaba, mwanangu. Vumbi lina afadhali, unalifuta. Huu ukali wake ndio unaokaa."

Aliniambia kwamba kabati likiisha hulitoa nje, milango wazi, siku mbili tatu kabla ya kumpelekea mteja, kwa kuwa aliwahi kurudishiwa moja na mama mwenye mtoto mchanga. Nikamwomba tutazame ukingo wa ubao. Palikuwa na chapa ya wino, E2. Nilimuuliza maana yake, akasema wateja huuliza unene na rangi, hiyo hajaulizwa.

Kisha akawasha pasi na kugandisha utepe wa plastiki juu ya ukingo, kuanzia kona hadi kona, ukaifunika chapa. Kuziba ukingo kunasaidia kweli, maana huko ndiko mvuke unakotoka kwa wingi, ambako ubao umekatwa na hauna ngozi. Alimaliza kingo zote za mbele, zinazoonekana. Za nyuma, zitakazoelekea ukutani, aliziacha wazi, kwani utepe unanunuliwa kwa mita na mteja alikuwa ameshapatana bei.